Kompyuta ikibadilisha nguvu za injini, vishikio visogee? Boeing na Airbus hawakubaliani

Katikati ya viti vya marubani katika ndege kubwa ya abiria kuna vishikio vya kuongoza nguvu za injini. Ukivisukuma mbele nguvu zinaongezeka, ukivivuta nyuma zinapungua. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya safari kazi hiyo hufanywa na kompyuta, inayopima kasi na kurekebisha injini yenyewe. Watengenezaji wakubwa wawili wamelijibu tofauti swali moja: kompyuta inapobadilisha nguvu, vishikio navyo visogee?

Boeing ya Marekani inasema ndiyo. Mota ndogo husogeza vishikio kufuatana na amri ya kompyuta. Rubani aliyeweka mkono juu yake anahisi mabadiliko hata kama macho yake yanatazama barabara ya kutua.

Airbus ya Ulaya ilichagua njia nyingine katika A320, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1988. Baada ya kupaa, rubani huweka vishikio kwenye nafasi maalumu, navyo hutulia hapo hadi ndege inapokaribia kugusa ardhi. Nafasi hiyo ni kikomo: kompyuta hupandisha na kushusha nguvu bila kukivuka. Rubani hujua kinachoendelea kwa kusoma skrini. Wanaoutetea mpango huu wanasema una vipuri vichache vinavyosogea, na humzoesha rubani kutazama vipimo vyenyewe.

Je, upi ni salama zaidi? Ajali tatu zinaonyesha kwamba jibu si rahisi.

Julai 2007, Airbus A320 ya shirika la TAM ilishindwa kusimama katika uwanja wa Congonhas, São Paulo, Brazil. Watu 199 walikufa. Kinasa taarifa kilionyesha kuwa kishikio cha injini moja kilibaki kwenye nafasi ya kupandia, hivyo injini hiyo iliendelea kusukuma ndege mbele.

Februari 2009, Boeing 737 ya Turkish Airlines ilianguka karibu na uwanja wa Schiphol, Amsterdam, na watu tisa wakafa. Kipimo kibovu cha mwinuko kiliidanganya kompyuta kwamba ndege imefika chini, ikapunguza nguvu. Vishikio vilirudi nyuma, lakini marubani walichelewa kugundua kwamba kasi imeshuka mno.

Julai 2013, Boeing 777 ya Asiana iligonga ukuta wa bahari San Francisco, na abiria watatu wakafa. Rubani alidhani kompyuta inalinda kasi, kumbe ilikuwa katika hali ya kusubiri. Vishikio vilikuwa nyuma kabisa, mbele ya macho yao.

Kwa wasafiri wa kwetu, jina la ndege pekee halitoshi kukuambia mfumo uliomo. Airbus A220 zinazotumiwa na Air Tanzania zilibuniwa na Bombardier ya Canada kabla ya Airbus kuuchukua mradi huo, na vishikio vyake husogea kama vya Boeing.

Kishikio kinachosogea ni ishara, na skrini pia ni ishara. Zote mbili zinamhitaji rubani anayeangalia kasi na anayejua, kila dakika, nani kati yake na kompyuta ameshika injini.