Gobori Lililotengewa Mwafrika

Mwaka 1896, huko Shangi, kaskazini ya Mibirizi kando ya Ziwa Kivu, jeshi la Rwanda liliivamia kambi ya Luteni Sandrart wa Dola Huru ya Kongo. Bisangwa, aliyeongoza mashambulizi, aliuawa, na jeshi lililokuwa likiogopwa katika Maziwa Makuu likarudi nyuma. Miaka saba baadaye Mapadri Weupe wakafungua misheni ya Mibirizi katika nchi iliyokwisha kubadilika. Tumezoea kusema kwamba pale Shangi mkuki ulishindwa na bunduki. Maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa bunduki hazikuwa ngeni Afrika Mashariki: mwaka 1888 Euan-Smith, mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilipita pwani kwenda bara kila mwaka. Linalopaswa kuchunguzwa ni ubora wa bidhaa hiyo na nani aliyeuamua.

Nyingi zilikuwa magobori, mengine yametupwa na majeshi ya Ulaya, mengine yametengenezwa Liège na Birmingham kwa ajili ya Afrika. Gobori la gumegume hujazwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu. Kifyatulio kikivutwa, jiwe hupiga chuma, cheche huangukia baruti kwenye kisahani, kisha moto hupenya kitundu kidogo hadi ndani. Unyevu ukiingia kisahanini, hakuna mlio. Mtutu wa bei rahisi ulikunjwa kwa bamba la chuma na kuunganishwa motoni. Kiungo kikiwa dhaifu, hupasuka mkononi mwa mwenyewe. Hata hivyo, mengi ya magobori ya biashara yaligongwa mhuri wenye taji na neno Tower, ili mnunuzi aamini yametoka kwenye ghala la silaha la serikali ya Uingereza huko London. Fedha iliyookolewa kwenye chuma iligeuzwa sifa kwa kugonga mhuri.

Wapo wanaosema mitutu ilipasuka kwa sababu wanunuzi walizidisha baruti. Huenda wengine walizidisha. Lakini Birmingham ilikuwa na nyumba ya kupimia mitutu kwa sheria ya mwaka 1813, na kipimo chenyewe kilikuwa kufyatua kwa baruti nyingi kuliko kawaida. Waundaji waliijua hatari hiyo vizuri. Wengine wanasema gobori lilifaa, na Mirambo wa Unyamwezi alijenga dola nalo. Ni kweli lilifaa kuwindia tembo na kutishia jirani asiye nalo. Dhidi ya jeshi lenye bunduki zinazojazwa kwa nyuma, kama Albini za Dola Huru ya Kongo, halikufua dafu.

Pengo hilo halikuachiwa soko peke yake. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia silaha za kisasa kuuzwa katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mlango wazi kwa bunduki za gumegume zenye mitutu laini na baruti ya kawaida. Watetezi wake husema ulikusudia kukomesha biashara ya watumwa. Hoja hiyo haisimami, kwa sababu kuvamia kijiji kisicho na silaha hakukuhitaji zaidi ya gobori. Mkataba ulimwachia mvamizi chombo chake, ukamnyima mtawala wa Kiafrika kile ambacho kingemwezesha kuilinda nchi. Matokeo yalionekana Mahenge tarehe 30 Agosti 1905, wapiganaji wa Maji Maji, wengi wakiwa na mikuki na magobori, walipokabiliwa na bunduki za rashasha.

Kwa hiyo ubovu wa gobori hauwezi kuhesabiwa kuwa uzembe wa fundi tu. Ulianza kama njia ya kujipatia faida kwa mnunuzi asiyeweza kurudisha mali, kisha mataifa yaliyokutana Brussels yakaufanya kiwango halali cha Mwafrika. Historia ya Shangi ifundishwe hivyo: kushindwa kule hakukutokana na uhaba wa ushujaa wala wa akili, bali na mpangilio wa dunia ulioamua mapema nani auziwe nini.