Magari Yaliyokataliwa Sokoni

Ukifungua karibu kitabu chochote kuhusu hotirodi, hadithi inaanza palepale: Ford ya 1932, injini ya V8 yenye nguvu farasi 65, na kijana wa California anayefungua madigadi na kuyatupa ili gari liwe jepesi. Filamu ya American Graffiti ya 1973 iliikaza picha hiyo kwa Ford yake ya njano. Sina ugomvi na Ford. Ila nimesoma historia hii kwa muda sasa, na kwangu kurasa tamu zaidi ni za magari ambayo hakuna aliyeyataka.

Kwanza tuelewane. Hotirodi ni gari la kawaida, mara nyingi kuukuu, lililovuliwa kila kisicho cha lazima na kupewa nguvu ambayo kiwanda hakikuikusudia. Vijana wa kusini mwa California walikuwa wakiyashindanisha jangwani, kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc na El Mirage. Chama chao, SCTA, kilianzishwa 1937. Baada ya vita mambo yakakua haraka. Jarida la Hot Rod lilitoka 1948, na 1951 Wally Parks akaanzisha NHRA, chama kilichokuja kusimamia mbio za robo maili: magari mawili sambamba, kama mita 400, atakayetangulia kufika ndiye mshindi. Basi.

Katika mbio hizo kulikuwa na kundi la magari yaliyotakiwa kutumia petroli ya kawaida ya pampu na kubaki na sura ya gari la barabarani. Watu wakayaita "gasa". Yalipangwa madaraja kwa hesabu ya uzito wa gari ukigawanywa kwa ukubwa wa injini. Hapo sasa mafundi wakaanza kuumiza kichwa: ni bodi gani ndogo, nyepesi na fupi, itakayobeba injini kubwa? Wakaliinua gari mbele, kwenye ekseli nzima isiyopinda, ili likiondoka uzito uhamie magurudumu ya nyuma na matairi yashike lami. Ford ya 1932 haikuwa tena jibu pekee. Wakaenda kwenye vyuma chakavu.

Huko walikuta Willys. Kampuni ya Willys-Overland ya Toledo, Ohio, iliingia mikononi mwa wafilisi mwaka 1933, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Ilijaribu kujiokoa kwa kigari kidogo cha bei rahisi, Model 77, chenye injini ya silinda nne na nguvu farasi 48. Wamarekani wengi waliona ni gari la mtu aliyekosa pesa ya kununua Ford. Ndugu yake wa 1941, Americar, hakupata hata muda wa kuzoeleka, kwani mapema 1942 viwanda vya Marekani viliacha kutengeneza magari ya raia. Willys ikaokolewa na vita: ilitengeneza zaidi ya Jeep 350,000 za jeshi.

Jeep yenyewe ina mzazi mwingine asiyetajwa sana. American Bantam, kiwanda kidogo cha Butler, Pennsylvania, kilichoanza kwa kutengeneza Austin Seven ya Uingereza kwa leseni, ndicho kilichowasilisha gari la kwanza la majaribio jeshini Septemba 1940, baada ya kupewa siku 49 tu. Jeshi lilipenda kazi, kisha likatoa mikataba mikubwa kwa Willys na Ford. Bantam ikabaki kutengeneza trela. Inauma, sivyo? Lakini vibodi vyake vya miaka ya 1930, vidogo kama sanduku, vilikuja kukaa juu ya injini zenye nguvu ya kutisha katika mbio za robo maili. Vivyo hivyo Fiat 500 ya Italia, ambayo Waitalia waliita Topolino, yaani kapanya. Ilizaliwa 1936 na injini ya sentimita za ujazo 569. Mmarekani aliitazama akaona mahali pa kuweka V8.

Kisha kuna Henry J, gari la Kaiser-Frazer lililotoka 1950 likibeba jina la tajiri Henry J. Kaiser. Ili bei ishuke, matoleo ya mwanzo hayakuwa hata na mlango wa buti; mzigo uliupitishia ndani, ukilaza kiti cha nyuma. Injini zake zilinunuliwa kutoka Willys. Duka la Sears likajaribu kuliuza kwa jina la Allstate. Wapi! Kufikia 1954 lilikuwa limekufa. Miaka michache baadaye Henry J zilikuwa zinanyanyua pua kwenye viwanja vya mbio kote Marekani.

Hata nguvu yenyewe ilitoka kwa vitu vya kuokota. Supachaja iliyopendwa zaidi ilikuwa ya injini ya dizeli ya General Motors iitwayo 6-71, iliyosukuma malori, mabasi na mashua za kushusha askari ufukweni. Kazi yake ilikuwa kuipumulia dizeli. Fundi akaichomoa, akaifunga juu ya V8 ya petroli, na kigari cha mtu mnyonge kikawa mnyama.

Jina linalonirudisha kwenye historia hii kila mara ni Stone, Woods & Cook. Fred Stone na Tim Woods, wamiliki, walikuwa Wamarekani weusi wa Los Angeles; Doug Cook, dereva na fundi, alikuwa mzungu. Willys yao ya 1941 waliiita Swindler, yaani Tapeli. Iliendeshwa na injini ya Oldsmobile na baadaye Chrysler, na katika miaka ya mwanzo ya 1960 ilikuwa miongoni mwa gasa maarufu kuliko zote. Kumbuka wakati wenyewe: sheria ya haki za kiraia ilipitishwa 1964. Majina yao matatu yalikuwa yameandikwa ubavuni mwa gari moja, mbele ya umati, katika mchezo ambao waliomiliki na kuendesha walikuwa wazungu kwa sehemu kubwa. Sidai kwamba kigari kilimaliza ubaguzi. Nasema tu kwamba kipima saa hakikuuliza mtu rangi.

Sisi wapenzi wa vitabu tumepewa nusu ya habari hii. Riwaya ya Henry Gregor Felsen, Hot Rod, ya 1950, iliwapa vijana gari la kasi pamoja na onyo la kifo. Mwaka 1963, katika jarida la Esquire, Tom Wolfe akawaandika mafundi wa California kama wasanii kamili, na insha hiyo ikampa jina. Ni kazi nzuri zote mbili. Bado nasubiri mwandishi atakayeanzia kwenye kile kilima cha vyuma chakavu.

Maana pale kuna swali gumu. Wanaohifadhi magari ya zamani hulalamika kwamba wana hotirodi waliyamaliza. Wana hoja: Willys za asili zimekuwa adimu, na nyingi zinazoonekana leo kwenye maonyesho ni nakala za faibaglasi. Kilichokatwa hakirudi. Lakini najiuliza: bila wale vijana, nani angetengeneza nakala ya gari ambalo lilipokuwa jipya halikununulika? Nakala hutengenezwa kwa kitu kinachotamaniwa, na tamaa hiyo haikutoka Toledo. Ilitoka kwa watu wenye msumeno.

Kwa hiyo sioni haja ya kuchagua upande. Willys nzima iliyobaki na iachwe nzima, kwa sababu sasa ni chache. Ila anayeandika historia yake asiikatishe pale kiwanda kilipofunga mlango. Sisi tunaoita gari "mkweche" au "spana mkononi" tunajua maisha ya gari huanza upya kila linapobadili mikono, na mara nyingine mkono wa tatu ndio unaolipa jina.