MLANGO WA SKULI NA MASHARTI YA WAZEE WETU

Ndugu msomaji, kila unapokaribia mwezi wa Januari, katika miji yetu ya pwani huonekana baba na mama wamemshika mtoto mkono, wamevaa nguo zao za kutokea, wameketi juu ya benchi nje ya afisi ya skuli ya binafsi. Fomu wamekwisha kuilipia. Mtoto wa miaka sita ataitwa ndani afanyiwe mtihani, na wazazi nao wataulizwa kazi yao na uwezo wao. Wao wenyewe hawaulizi neno, wachelea wasije wakaudhi. Jambo hili lina tarikhi yake, nayo yafaa tuijue, kwani wazee wetu waliufikia mlango huu kabla yetu, wala hawakuupita kimya.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa chuo, na mlango huo haukuwa na mtihani. Mtoto alipelekwa kwa mwalimu na baba yake au mjomba wake, pamoja na ada ndogo kwa kadiri ya desturi ya mahali, akapewa ubao na kuanzishiwa herufi. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo ni katika walioyaandika mambo hayo, katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichochapishwa mwaka 1903. Mtoto mzito wa kufahamu alikaa miaka mingi, mwepesi akahitimu mapema, na wote wawili walikuwa juu ya jamvi moja. Asiyekuwa na cha kutoa alimtumikia mwalimu kwa kuteka maji na kuokota kuni. Sisemi kwamba utumishi huo haukupita mpaka, maana wako waalimu waliowafanya watoto wa watu kuwa vibarua wa shamba. Lakini mtoto hakurudishwa nyumbani kwa sababu babake ni maskini.

Kisha zikaja skuli za wageni. Wamisionari wa Kiingereza walijenga Freretown karibu na Mombasa mwaka 1875, na Unguja walikuwa wamekwisha kuanza miaka kumi na zaidi kabla ya hapo. Humo kusoma na kanisa vilikuwa kitu kimoja, na aghlabu ya wazee wetu wakazuia watoto wao. Wako waliowaita wajinga kwa ajili hiyo. Huo si uadilifu. Watu waliokuwa wakiandika barua, mikataba na tenzi kwa herufi za Kiarabu kabla ya skuli hizo kujengwa hawakuwa maadui wa kalamu. Walichokikataa ni sharti lililofungwa pamoja na kalamu.

Na dalili yake ni Tanga. Wadachi walifungua huko skuli ya serikali mwaka 1892, isiyofundisha dini ya Kikristo, na masomo kwa Kiswahili. Gavana von Soden alifikiri hata kuweka mwalimu wa Qur'ani ndani ya skuli za serikali, kwa kuwa alitambua ni jambo gani linalowazuia wazazi. Wamisionari wakapiga kelele, shauri likaanguka. Hata hivyo watoto wa Kiislamu waliingia, kwa kuwa hawakutakiwa kuiacha dini yao mlangoni, na katika skuli hizo wakatoka makarani, waalimu na maakida. Watu ni wale wale wa pwani, dini ni ile ile. Kilichobadilika ni sharti.

Mambo yalikuwa hivyo hivyo Unguja na Pemba chini ya Waingereza. Huko mashamba wazazi waliona skuli yamnyang'anya mtoto saa zake za chuo, basi madawati yakakaa matupu. Serikali ilipokubali Qur'ani isomeshwe ndani ya skuli kwa njia ya kuridhisha, watoto wakaongezeka. Na skuli ya serikali ya wasichana ilipofunguliwa Unguja mwaka 1927, neno la kwanza katika majumba lilikuwa stara: nani atawasomesha, na watakwendaje na kurudi.

Mombasa kulikuwa na fundo jingine. Skuli ya Waarabu ilifunguliwa mwaka 1912, lakini katika Kenya ya wakoloni kila skuli ilikuwa na kabila lake: ya Wazungu, ya Wahindi, ya Waarabu, ya Waafrika. Hivyo kabla mtoto hajaulizwa ajua nini, babake huulizwa yeye ni nani. Watu wa Thenashara Taifa, walio wenyeji wa mji, walipigania miaka kwa miaka wahesabiwe upande gani, na nafasi za skuli zilikuwa miongoni mwa yaliyotegemea jawabu hilo. Hata leo ziko nyumba ambazo ndugu wawili wa ukoo mmoja walitengana kwa jambo hilo.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, rahimahullah, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947, aliyatazama hayo yote na hakuwaambia watu wakae nyumbani. Katika gazeti lake la Al-Islah, alilolianzisha mwaka 1932, aliwalaumu Waislamu kwa kubaki nyuma, na papo hapo akawaonya wasimeze kila kitu cha Mzungu. Katika miaka hiyo ya 1930 akaanzisha Mombasa Madrasatul Ghazali. Kwa rai yangu hapo ndipo ilipo asili ya hizi skuli zetu zinazochanganya elimu mbili.

Na asili ya mbali zaidi waijua, msomaji. Baada ya vita vya Badr, mwaka wa pili wa Hijra, Mtume (S.A.W.) aliwakubalia mateka wa Makka waliojua kuandika wajikomboe kwa kuwasomesha watoto kumi kumi wa Madina. Waalimu hao walikuwa makafiri waliotoka kupigana naye jana. Lakini aliyeweka sharti ni nani? Hapo ndipo pa kutazama.

Basi rudi sasa kwenye lile benchi. Leo hakuna aliyelazimishwa kukaa pale. Ada za skuli za msingi za serikali ziliondolewa Tanzania mwaka 2001, na Kenya mwaka 2003. Skuli za binafsi zimezidi kuwa nyingi, nazo nyingi zina jina la Kiislamu ubaoni. Mzazi anakwenda kwa hiari yake, na fedha ni yake. Ajabu ni kwamba baba wa shamba wa zama hizo, asiyekuwa na kitu ila kumzuia mwanawe, aliifanya serikali ya Kiingereza ibadili ratiba. Na huyu anayelipa kila muhula hathubutu kuuliza ni vipindi vingapi vya Qur'ani vinavyosomeshwa kwa wiki, na je, vinabaki mitihani ya taifa inapokaribia? Wengine wameshughulika na rangi ya basi.

Wako waliofanya vingine. Katika miaka ya 1980 Waislamu wa pwani ya Kenya walimwendea Aga Khan wakaomba msaada wa malezi ya watoto wadogo, na mwaka 1986 ikafunguliwa Mombasa skuli ya kwanza ya chekechea ya mpango wa Madrasa, kisha mpango ukaenea Zanzibar na Uganda. Mfuko ulitoka kwa wengine, lakini kamati zilikuwa za watu wa mtaa, na waalimu ni wanawake wa mitaa hiyo hiyo waliofunzwa kazi. Watoto walisoma hesabu na dini katika chumba kimoja, na mama aliyekuwa na neno alijua pa kulipeleka.

Mzazi mmoja akiuliza huonekana mkorofi. Wakienda kumi wa mtaa mmoja huwekewa viti. Ulizeni mwalimu wa dini ni nani na amesoma wapi. Ulizeni jumla ya mwaka mzima, pamoja na basi, chakula na sare, si ada ya muhula wa kwanza tu. Ulizeni babake mtoto akifukuzwa kazi mwezi wa Juni, mtoto atatolewa siku hiyo hiyo au atamaliza mwaka? Na yatima wa mtaa ana nafasi ngapi? Haya yaulizwe kabla ya kulipia fomu, kwa kuwa fedha ya fomu aghlabu hairudishwi.