Mombasa kwa kadhi, Tanga kwa hakimu

Kutoka Tanga hadi Mombasa si mbali. Pande zote mbili za mpaka watu wanaongea Kiswahili, wanaoana, na Waislamu wengi wanafuata madhehebu ya Shafii. Lakini baba Mwislamu akifariki Mombasa, warithi wanaweza kwenda kwa kadhi anayelipwa na serikali. Akifariki Tanga, watakwenda kwa hakimu wa mahakama ya mwanzo, ambaye huenda ni Mkristo. Kwa nini?

Wengi watakujibu kwa siasa za vyama au udini. Mimi nadhani tuanze na mikataba.

Karne ya 19 pwani yote hiyo ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, pamoja na maliwali na makadhi wake. Mwaka 1890 ukanda wetu wa pwani ulinunuliwa na Wajerumani kwa mark milioni 4. Sultani akawa hana tena la kudai huku. Upande wa Kenya haukuuzwa. Desemba 1895 Waingereza walipewa kuutawala kwa malipo ya kila mwaka, ukabaki mali ya Sultani, na bendera yake ikaendelea kupepea Mombasa. Hata hivyo, kadhi alipunguziwa kazi: kesi za jinai zikaenda kwa mahakimu wa kikoloni, yeye akaachiwa ndoa, talaka na mirathi. Kwa hiyo mahakama ya kadhi tunayobishania leo ni kile kilichobakizwa na mkoloni.

Sasa angalia mwaka 1963. Mwezi Oktoba, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, walibadilishana barua: pwani iwe sehemu ya Kenya, na makadhi walindwe. Mwaka huohuo Tanganyika, ambayo haikuwa na Sultani wa kumwandikia barua, ilipitisha Sheria ya Mahakama za Mahakimu. Lengo lilikuwa mfumo mmoja wa mahakama kwa raia wote. Kadhi akaondoka, lakini sheria ya Kiislamu haikuondoka! Mpaka leo mahakama ya mwanzo ina mamlaka ya kuitumia. Zanzibar nayo imebaki na makadhi wake.

Huku Bara mjadala ukarudi. CCM iliuweka kwenye ilani ya 2005, na mwaka 2015 muswada uliogusa suala hilo ukaondolewa bungeni. Kenya nako hakukuwa shwari. Kadhi aligombaniwa sana kabla ya kura ya maoni ya Agosti 2010. Katiba iliyopita inamruhusu kusikiliza shauri pale tu ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda kwake. Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Kenya ikaamua kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe mirathi ya baba Mwislamu kwa sababu hiyo. Yaani hata kwenye mirathi, Katiba ndiyo yenye neno la mwisho.

Wanaodhani kadhi atageuza nchi kuwa ya kidini waiangalie Kenya. Wanaodhani kadhi peke yake atamaliza dhuluma nao waiangalie Kenya. Mjane mwenye watoto ana haki ya moja ya nane ya mirathi. Je, anaipata kwa wakati, na kwa mtu anayeijua sheria hiyo? Kwangu hilo ndilo swali. Wewe unaonaje?