Morris Minor na Motokaa ya Pili

Mwezi wa Oktoba 2023 ilitimia miaka 75 tangu Morris Minor ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Earls Court, London, na hata leo ziko nyumba si haba nchini Uingereza ambazo mlangoni mwake husimama motokaa mbili: moja ya kisasa, ipelekayo watoto shule na wazee kazini, na ya pili Minor kongwe chini ya turubai, ingojayo Jumapili kavu.

Habari za chanzo chake zimesimuliwa sana, na miongoni mwa wasimulizi yumo Sir Miles Thomas, aliyetoa kitabu cha maisha yake mwaka 1964. Naye, kwa kuwa alikuwa mmoja wa mahasimu wenyewe, si shahidi asiye na upande. William Morris, fundi wa baiskeli wa Oxford aliyepanda daraja hadi kuitwa Lord Nuffield, ndiye aliyekuwa na mali na amri. Thomas alikuwa makamu wake. Na Alec Issigonis, mzaliwa wa Smyrna, ndiye aliyeibuni motokaa hiyo wakati wa vita kwa jina la siri la Mosquito. Nuffield alipoiona hakuficha karaha yake, akaifananisha kwa istihizai na yai lililotokoswa bila ganda, wala hakuona haja ya kubadili chochote ilhali maombi ya Morris Eight, motokaa yake ya zamani, yalizidi kiasi kilichoweza kuundwa. Thomas aliitetea Mosquito; mwisho, kwa hitilafu zilizozidi baina yake na tajiri wake, aliacha kazi Novemba 1947, usisalie hata mwaka mmoja kabla ya motokaa aliyoipigania kutoka.

Siku zile zile Issigonis naye alikuwa na tashwishi yake. Motokaa ilikwisha kuwa tayari kuundwa, lakini machoni pake ilikuwa nyembamba mno. Basi akaamuru ikatwe kwa msumeno katikati, toka mbele hata nyuma, na vipande viwili vikasogezwa mbalimbali mpaka jicho lake liliporidhika, na pengo lilipopimwa likawa inchi 4. Bampa zilikuwa zimekwisha kutengenezwa, hivyo zikakatwa na kuungwa kwa kipande cha bati katikati, na juu ya boneti ukabaki ule mwinuko bapa ambao mpaka leo ni alama ya Minor. Injini mpya iliyokusudiwa haikupatikana, ikatiwa ile ya Morris Eight, ya sentimita za ujazo 918. Na kwa hiyo ile ya zamani aliyoing'ang'ania Nuffield ikaingia kwa mlango wa nyuma.

Mwaka 1952 ikapewa injini ya Austin, mwishoni mwa 1960 ikawa motokaa ya kwanza ya Kiingereza kufikia milioni moja, na 1971 ikakoma, baada ya kuundwa zaidi ya milioni 1.6.



Wenye Minor hupenda kuibeza motokaa ya kisasa, eti haina roho na fundi haigusi bila kompyuta, na hiyo ni jeuri ya mtu asiyeshukuru. Kama si hiyo ya kila siku kukubali chumvi imwagwayo barabarani wakati wa barafu, bati la Minor lingekwisha kuliwa na kutu zamani. Makampuni ya bima huyajua hayo, ndiyo maana aghalabu humtaka mwenye motokaa kongwe awe na nyingine ya matumizi ya kawaida. Serikali nayo imeisamehe kodi ya barabara, na tangu Mei 2018 hata ukaguzi wa kila mwaka, maadamu umri wake umepita miaka 40 na haikugeuzwa sana.

Msamaha huo wa pili haunipendezi. Minor ya aina ya Traveller ina mbao nyuma ambazo si pambo, bali ndizo zibebazo mwili wake, na ubao huoza ndani kabla nje hapajaonekana doa. Sheria haimzuii mwenyewe kuipeleka ikaguliwe kwa hiari, na ada yake ni ndogo kuliko bei ya ubao mmoja.