Kulimbuka Ugenini: Umuganura wa Rwanda na Historia Inayofichwa na Tafsiri

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya Umuganura, sikukuu ya mazao mapya nchini Rwanda, kwa mtazamo wa mgeni Mswahili aliyealikwa kuishiriki. Hoja yake kuu ni kwamba tafsiri ya "Sikukuu ya Mavuno" inaficha kiini cha sikukuu hiyo, yaani nani huonja kwanza na nani humwonjesha mwingine. Makala inapendekeza neno limbuko.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema ni siku ya ngapi mgeni huyo huonjeshwa mazao. Swali hilo lilinijia Ijumaa ya kwanza ya Agosti, katika mwaka wangu wa pili wa kufundisha Kiswahili nchini Rwanda, majirani waliponialika kwenye Umuganura wa mtaa wetu. Nilikwenda kama mtazamaji wa sherehe ya mavuno. Jirani yangu, mama wa makamo ya bibi, alinimegea umutsima wa ulezi mpya akaniambia, "Mwalimu, ganura." Aliponiona nasita, aliongeza kwa Kiswahili alichokulia ukimbizini Karagwe: "Limbuka, mwanangu."

Sikuwa nimelisikia neno hilo likitumiwa juu ya chakula tangu utotoni Tanga, ambako bibi yangu hakuruhusu tuguse mahindi mapya kabla yeye hajalimbuka. Wasomaji wengi wa leo wanalijua kupitia malimbuko ya Maandiko Matakatifu tu.

2.0 Haki ya kuonja kwanza

Kitenzi kuganura hakimaanishi kuvuna. Kinamaanisha kuonja mazao mapya kwa mara ya kwanza, na kauli yake ya kusababisha, kuganuza, ni kumwonjesha mwingine. Kiswahili kina jozi iliyo sawa nayo: kulimbuka na kulimbusha. Mavuno ni kazi ya shambani. Limbuko ni uhusiano kati ya watu.

Katika ufalme wa Rwanda, uhusiano huo ulikuwa pia mpangilio wa utawala. Umuganura ulikuwa miongoni mwa "njia" za ubwiru, kanuni za siri za kifalme ambazo abiru walizihifadhi kwa kichwa, neno kwa neno, na ambazo Marcel d'Hertefelt na André Coupez walizichapisha mwaka 1964. Usimamizi wa njia hiyo ulikuwa mikononi mwa ukoo wa Abatsobe. Mtama na ulezi mpya vilifikishwa kwa mwami, naye akavionja kwa niaba ya nchi. Kwa tendo hilo, rutuba ya ardhi na uhalali wa kiti cha enzi vilithibitishwa kwa pamoja.

3.0 Marufuku ya 1925

Hapa ndipo tafsiri ya "mavuno" inapotukwamisha. Iwapo Umuganura ulikuwa furaha ya wakulima kwa ghala lililojaa, kwa nini utawala wa Kibelgiji uliupiga marufuku mwaka 1925? Hakuna dola inayoogopa ghala. Wabelgiji waliogopa mpangilio wa kuonja: sherehe iliyotangaza kila mwaka kwamba nchi hupata uhai kupitia Mwami Yuhi Musinga, wala si kupitia mkazi wa kikoloni. Mwaka huohuo Gashamura, mkuu wa abiru, alihamishiwa Burundi kwa nguvu. Mjuzi wa Umuganura akawa mgeni katika ufalme uliokuwa na Umuganuro wake. Musinga mwenyewe aling'olewa madarakani mwaka 1931.

4.0 Kurejea, na nafasi ya mgeni

Umuganura ulirejeshwa kama sikukuu ya kitaifa mwaka 2011, safari hii katika jamhuri isiyo na mwami. Wengi walioupokea hawakuwa wameuona kamwe. Mama aliyenimegea umutsima alizaliwa baada ya marufuku, na familia yake ilivuka mpaka katika machafuko yaliyoanza mwaka 1959. "Kule tulilima mashamba ya watu," aliniambia, "tukavuna na tukashiba. Lakini hakuna aliyetuganuza."

Kauli hiyo ndiyo ushahidi mzito zaidi nilioupata siku ile. Inatenga shibe na kukubaliwa. Mtu anaweza kula ugenini miaka thelathini asilimbushwe hata mara moja. Kwa hiyo, aliponimegea mimi, ambaye sikuwa nimeshika jembe katika ardhi ile, hakuwa akimkirimu mtalii. Alikuwa akimpa mgeni kile ambacho yeye, alipokuwa mgeni, alikikosa. Naye alitumia Kiswahili, lugha aliyorudi nayo kutoka huko alikokikosa.

5.0 Hitimisho

Inaweza kupingwa kwamba limbuko ni neno lililofifia, na kwamba mavuno hueleweka na kila mtu. Pingamizi hilo lina uzito, hasa darasani. Hata hivyo, neno hufifia kwa kutotumiwa, na Umuganura wenyewe ni ushahidi kwamba kilichonyamazishwa kwa miaka 86 kinaweza kurejea. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017, na msamiati wake wa shughuli za umma ungali unajengwa. Jina tutakaloliandika sasa ndilo watoto watakalofundishwa.

Tukiandika "Sikukuu ya Mavuno", mwanafunzi atajua kwamba watu walivuna. Tukiandika "Sikukuu ya Limbuko", atauliza nani alionja kwanza, nani alikatazwa, na nani aliachwa bila kuonjeshwa. Maswali hayo matatu ndiyo historia ya Umuganura.