Matangazo Madogo katika Magazeti ya Kale ya Marekani



Mtu akitaka kujua habari za kale za nchi fulani, mara nyingi hupewa kitabu chenye majina ya wafalme, maliwali na majemadari. Kitabu hicho chafaa, walakini hakitoshi. Hakituambii mkulima aliyepotewa na ng'ombe alifanya nini, wala mke aliyeondoka nyumbani mwa mumewe alisemwaje, wala mtumwa aliyetoroka alichukua nini mkononi. Habari za namna hiyo zimo mahali ambapo watu wengi hupita bila kutazama, yaani katika matangazo ya magazeti. Leo twataka kuzungumza juu ya matangazo ya magazeti ya kale katika miji ya Marekani, ambayo wakati ule ilikuwa midogo, tuone yalikuwaje, yalimfaa nani, na yatufundisha nini sisi tusomao.

Mwanzo wa habari hii, Marekani ilikuwa bado haijajitawala. Ilikuwa makoloni ya Uingereza yaliyopangana kando ya bahari ya Atlantiki. Gazeti la kwanza lilipigwa chapa mjini Boston mwaka 1690. Lilitoka mara moja tu, kisha serikali ikalikataza kwa kuwa lilitolewa bila ruhusa. Tarehe 24 Aprili 1704 likatokea jingine katika mji ule ule, jina lake Boston News-Letter, na mwenyewe ni John Campbell, Bwana Posta wa Boston. Katika karatasi ya kwanza kabisa Campbell aliwaarifu watu kwamba kila mwenye nyumba, shamba, merikebu au bidhaa ya kuuza au kupangisha, na kila aliyekimbiwa na mtumishi au aliyeibiwa mali, aweza kutiliwa tangazo lake kwa malipo ya kadiri, kuanzia peni 12 mpaka shilingi 5. Tazameni jambo moja hapo: tangu siku ya kwanza, mtumishi aliyekimbia aliwekwa katika orodha moja na nyumba na bidhaa.

Kutoka Boston kazi ya magazeti ikaenea. Mji wa Portsmouth katika New Hampshire ulipata gazeti lake mwaka 1756, na mji wa Salem mwaka 1768. Mwaka 1787, nchi ilipokwisha kupata uhuru wake, gazeti likaanzishwa hata Lexington katika Kentucky, ng'ambo ya milima, mahali ambapo miaka michache nyuma palikuwa na mwitu mtupu.

Gazeti la mji mdogo lilitengenezwa na mpiga chapa mmoja pamoja na wanagenzi wawili watatu. Walizipanga herufi za risasi moja moja kwa vidole, wakazipaka wino, wakaweka karatasi juu yake, kisha wakaugandamiza mtambo kwa nguvu za mikono. Karatasi moja kubwa ilikunjwa katikati ikawa kurasa nne, na hilo ndilo gazeti la juma zima. Wasomaji wengi walikawia kulipa, na wengine walilipa kwa kuni au nafaka. Kwa sababu hiyo matangazo yalikuwa chakula cha mpiga chapa, na mara nyingi yalijaza hata ukurasa wa kwanza. Juu ya tangazo iliwekwa picha ndogo iliyochongwa: merikebu kwa habari za safari, nyumba kwa habari za kupangisha, farasi kwa habari za mifugo, na mtu mwenye mzigo na fimbo kwa habari za watoro. Picha ile ile moja ilitumika kwa kila mtoro, awe nani awaye.

Na tuyatazame matangazo yenyewe. Katika miji ya bandari wafanyi biashara walitangaza bidhaa zilizoshushwa merikebuni: chai, sukari, vyombo vya chuma, nguo. Salem ulikuwa mji wa namna hiyo, nao una uhusiano na sisi. Merikebu za Salem zilifika Unguja kutafuta pembe za ndovu na sandarusi, na mwaka 1833 Marekani ikafanya mapatano ya biashara na Seyyid Said. Nguo ya pamba iliyoletwa na merikebu hizo ndiyo iliyoitwa merikani katika pwani yetu.

Vijijini mkulima aliyemwona ng'ombe au farasi mgeni shambani mwake alitangaza rangi yake, alama ya sikioni na umri wake, ili mwenyewe aje amtambue na kulipa gharama za malisho. Bwana Posta naye alitangaza majina ya watu ambao barua zao zilikuwa zikingoja. Stampu za serikali ya Marekani zilianza mwaka 1847, na kabla ya hapo mara nyingi aliyelipa nauli ya barua ni mpokeaji. Basi si ajabu kwamba barua nyingine zilikaa posta muda mrefu.

Yalikuwako pia matangazo ya nyumba zilizovunjika. Mume aliarifu kwamba mkewe ameondoka kwake, na kwamba tangu siku hiyo hatalipa deni lolote la mke huyo. Sheria ya siku zile ilimpa mume mamlaka juu ya mali ya mkewe. Kwa hiyo tangazo hilo lilimfungia mwanamke milango ya maduka yote. Wasomaji walisikia maneno ya upande mmoja, nao ulikuwa upande wa mwenye fedha. Lakini mara chache mke alipata fedha za kutia tangazo lake, akajibu kwamba alikimbia kwa sababu ya kupigwa au kunyimwa chakula. Hapo mji mzima ukajua kwamba kesi ina pande mbili.

Sasa twafika kwenye matangazo ya watoro. Wengine walikuwa wanagenzi, yaani vijana waliofungwa kwa mkataba kumtumikia fundi miaka kadha wa kadha. Mwaka 1723 kijana wa miaka 17, Benjamin Franklin, alimtoroka ndugu yake James, mpiga chapa wa Boston. Na James akatangaza gazetini kwamba ahitaji kijana mwingine. Mwaka 1824 mshona nguo mmoja wa mji wa Raleigh, North Carolina, alitangaza zawadi ya dola 10 kwa atakayemrudishia wanagenzi wake wawili, William na Andrew Johnson. Huyo Andrew akawa Rais wa Marekani mwaka 1865.

Kwa kijana wa namna hiyo mkataba ulikuwa na mwisho. Kwa mtumwa haukuwako mkataba wala mwisho. Watumwa walikuwa watu wa asili ya Afrika, nao walikuwa mali ya bwana wao, wao na watoto wao na wajukuu wao. Sisi wa pwani hatuwezi kuyasikia hayo kana kwamba ni mambo ya wageni tu, maana Unguja nako utumwa haukufutwa kwa sheria mpaka mwaka 1897. Katika Marekani watumwa walikuwa karibu milioni 4 ilipofika mwaka 1860. Wengi walikatazwa kujifunza kusoma, na hawakuacha maandiko yao wenyewe. Twawajuaje basi? Twawajua wengi wao kwa kalamu za wale waliowawinda.

Twaeni tangazo lililotoka tarehe 14 Septemba 1769 katika Virginia Gazette, gazeti la mji wa Williamsburg. Mwenye kutangaza ni kijana wa miaka 26, jina lake Thomas Jefferson. Amtafuta mtumwa wake Sandy, mtu wa miaka kama 35, mfupi kiasi, mwenye mwili. Asema kwamba Sandy ni mshona viatu, na kwa kazi hiyo hutumia zaidi mkono wa kushoto. Tena ajua useremala kidogo, na ajua kupanda farasi. Asema pia kwamba ni mlevi, mfidhuli na mjanja. Amechukua farasi mweupe na vyombo vya kushonea viatu, na yamkini atatafuta kazi hiyo mahali pengine. Zawadi ni shilingi 40 akikamatwa karibu, pauni 4 akikamatwa mbali zaidi, na pauni 10 akikamatwa katika koloni nyingine.

Na tulisome tangazo hilo kwa makini. Bwana alitaka kumpata mtu wake, kwa hiyo hakuwa na budi kusema kweli juu ya umbo na ufundi wake. Angesema uwongo, mtoro asingetambulikana. Lakini kuhusu tabia yake hakulazimika kusema kweli, na hapo alimtukana. Basi chujio letu ni hili: penye haja ya kumtambua mtu twaweza kusadiki, penye hukumu juu ya moyo wake na tusite. Mtu achukuaye vyombo vya kazi yake anapotoroka ana shabaha: ataka kula kwa jasho lake mwenyewe. Hayo bwana hakukusudia kutuambia, walakini ameyaandika. Sandy alikamatwa, na mwaka 1773 Jefferson akamwuza kwa pauni 100. Miaka mitatu baadaye Jefferson yule yule aliandika Azimio la Uhuru wa Marekani, lisemalo kwamba watu wote wameumbwa sawa.

Wala wapiga chapa hawakuwa nje ya shauri hili. Benjamin Franklin, yule mtoro wa mwaka 1723, alilichukua gazeti la Pennsylvania Gazette huko Philadelphia mwaka 1729, akapokea fedha za matangazo ya kuuza watumwa na kuwatafuta waliotoroka. Mwaka 1787, akiwa mzee, alikuwa mkuu wa chama cha kuondoa utumwa katika Pennsylvania. Yamkini watu wengi walionunua gazeti lake hawakuwa na mtumwa hata mmoja. Lakini kila msomaji aliombwa awe mlinzi wa njia na bandari kwa niaba ya bwana fulani.

Sasa tazameni tangazo jingine, la mwezi wa Mei mwaka 1796, lililotiwa gazetini Philadelphia na msimamizi wa nyumba ya Rais George Washington. Lamtafuta msichana Ona Judge, mwenye miaka kama 20, mwembamba, mwenye madoadoa usoni na macho meusi sana. Zawadi ni dola 10. Mwandishi aongeza kwamba hakuna aliyemshuku kuwa ataondoka, na kwamba hakuchokozwa kwa neno lolote hata aondoke.

Ona alikwisha panda merikebu, akafika Portsmouth, New Hampshire. Washington alijaribu mara mbili kumrudisha kwa mikono ya watu wengine, asifaulu. Ona akaolewa, akazaa, akajifunza kusoma, akaishi katika umaskini mpaka alipofariki mwaka 1848. Lakini kabla ya kufa alilijibu lile tangazo. Mwaka 1845, miaka 49 baada ya kutoroka, habari zake zilitolewa katika gazeti moja la New Hampshire, na mwaka 1847 katika jingine la Boston. Alieleza kwamba alitoka nyumbani wakati mabwana walipokuwa wakila chakula, na kwamba alijua amekusudiwa kupewa mjukuu wa bibi yake awe mali yake. Alipoulizwa kama ajuta, kwa kuwa kazi zake zilikuwa nzito zaidi baada ya kutoroka, alikataa: alikuwa huru. Msimamizi aliandika kwamba hapakuwa na sababu, naye mwenye sababu akaitaja kwa kinywa chake.

Utumwa ulifutwa katika Marekani yote mwaka 1865, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ndipo matangazo yakageuka. Watu walioachwa huru walianza kuwatafuta jamaa zao waliouzwa mbali. Mwaka 1879 gazeti la kanisa la Methodist huko New Orleans, Southwestern Christian Advocate, lilifungua safu iliyoitwa Rafiki Waliopotea. Aliyekuwa mwenye kununua gazeti kwa mwaka hakulipa kitu. Wengine walilipa senti 50. Wachungaji waliombwa kuyasoma matangazo hayo mbele ya makutano ya kanisa, ili hata asiyejua kusoma ayasikie.

Katika barua hizo mtu hutaja jina la mama yake, majina ya ndugu zake, bwana aliyewamiliki, mtu aliyewauza, na mahali walipoagana. Wengi waliokuwa watoto walipouzwa, sasa walikuwa watu wazima wenye mvi. Safu hiyo iliendelea mpaka mwanzo wa karne ya ishirini. Waliopata jamaa zao walikuwa wachache. Walakini mtambo uliokuwa ukiwawinda watu sasa ulikuwa ukiwaita nyumbani, na safari hii aliyeandikwa ndiye aliyeandika.

Siku hizi wenye elimu ya historia huko Marekani wameyakusanya maelfu ya matangazo hayo, ya kuwinda na ya kutafuta jamaa, na wajukuu wa watumwa huyasoma kutafuta majina ya wazee wao.

Wasikilizaji, na ninyi wanafunzi hasa, mnapoona karatasi ya zamani msiitupe kabla ya kuisoma. Soma tangazo, kisha jiulize mambo manne. Nani aliyelipa ili neno hili lipigwe chapa? Ataka msomaji afanye nini? Ni maneno gani ambayo hana budi kusema kweli, na yapi aweza kusema apendavyo? Na mwisho, ni nani anayetajwa hapa bila kupewa nafasi ya kujibu? Walimu waweza kulifanya hilo kuwa somo la saa moja darasani kwa gazeti lolote lililo karibu, wakimpa kila mwanafunzi tangazo moja, na kumwagiza aandike jibu la yule ambaye hakuulizwa.